Sifa ya Kazi ya Wawili ni ya Nani?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tunaikariri tangu shule ya msingi, lakini tukishaikariri tunageuka na kumsifu mtu mmoja. Shamba lililolimwa na watu wawili huitwa shamba la fulani, na fulani huyo ni mmoja tu. Katika insha hii ninauliza: kazi ikifanywa na wawili, sifa yake ni ya nani? Je, kila mmoja hupata nusu?

Mfano wangu ni tenisi ya wawili wawili, mchezo ambao wengi wetu tuliokulia Petta, wilayani Tororo, tumeuona kwenye runinga tu. Wachezaji wawili wanapoongezwa kila mmoja mwenziwe, uwanja nao hupanuliwa, kutoka mita 8.23 hadi mita 10.97. Tazama hesabu hiyo: watu wameongezeka maradufu, uwanja haukuongezeka maradufu. Haiwezekani kuchora mpaka na kusema huku kwangu, kule kwako. Mpira ukipita katikati, umewapita wote wawili.

Wapo wanaojenga maisha yao yote juu ya mchezo huu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Paul Wekesa. Jina hilo ng'ambo ya mpaka hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa msimu wa mavuno. Wekesa alicheza tenisi ya kulipwa miaka ya 1980 na 1990, peke yake na pamoja na mwenzake, na mataji yake ya ngazi ya juu aliyapata akiwa na mwenzake. Je, tuseme alishinda nusu ya mataji? Taji halina nusu, kwa sababu tendo lililolileta halikuwa na nusu.

Kuna watakaopinga kwamba anayecheza na mwenzake ni yule aliyeshindwa kusimama peke yake. Watatoa ushahidi wa fedha: Wimbledon humlipa bingwa wa mmoja mmoja zaidi ya inavyoilipa jozi nzima ya mabingwa. Hoja hii haina nguvu. Fedha zile hupima wingi wa watazamaji. Kama malipo yangekuwa kipimo cha thamani ya kazi, tungelazimika kusema kwamba mkulima wa mtama hana thamani mbele ya mwimbaji.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama tendo ni la wawili, mmoja akishindwa kuendelea, yule mwingine ana haki gani ya kuendelea? Bob na Mike Bryan wa Marekani ni pacha. Mike alitangulia kuzaliwa kwa dakika mbili. Kwetu Jopadhola angeitwa Opio na Bob angeitwa Odongo. Pamoja walishinda mataji 119, na 16 kati ya hayo ni ya Grand Slam. Mwaka 2018 Bob aliumia nyonga akafanyiwa upasuaji. Mike akacheza na Jack Sock, wakashinda Wimbledon na US Open mwaka huohuo. Tangu hapo Mike ana 18, Bob ana 16.

Je, Mike alimsaliti pacha wake? Sioni hivyo. Aliye mzima hana wajibu wa kulala kitandani kwa sababu mwenzake amelala. Wajibu wake ni kumtunzia nafasi. Bob aliporudi uwanjani mwaka 2019 akiwa na nyonga ya chuma, Mike alirudi kando yake, ingawa alikuwa ameshaonja ushindi na mtu mwingine. Wakastaafu pamoja mwaka 2020. Kwa hiyo ushirika hupimwa siku ambayo mmoja anaweza kusonga mbele bila mwenziwe.

Siku hiyo inatufikia na sisi wanafunzi. Kwetu plau huvutwa na ng'ombe. Mtu mmoja huwaongoza mbele, mwingine hushika plau nyuma. Mstari ukinyooka, umenyooshwa na wote wawili, lakini mpita njia humsifu aliyeshika plau. Mimi nilishika plau. Dada yangu aliongoza ng'ombe. Mavuno yalipatikana, karo ikatosha mtoto mmoja tu, na nikachaguliwa mimi. Shahada itaandikwa jina moja.

Sidai kwamba shahada hiyo ikatwe vipande viwili. Ninadai kwamba jina la kile nitakachompa dada yangu libadilike. Siku nitakapopata mshahara nikamlipia chuo cha ushonaji anachokitamani, majirani watasema nimemsaidia. Neno hilo si sahihi. Msaada hutoka kwa mwenye mali kwenda kwa asiye na mali. Dada yangu ni mwenye mali mwenzangu, na nitakachompa kitakuwa fungu lake lililochelewa.