Ahadi ya Kitandani



Mtoto akiwa mahututi, mzazi husema lolote. "Pona, mwanangu, utakalo nitakupa." Akishapona, neno lile huonekana zito kuliko lilivyokuwa usiku ule. Je, ilikuwa ahadi, au maneno ya kubembeleza tu?

Baba mmoja wa Manyovu, kule milimani mpakani na Burundi, alinijia na jambo hili. Mwanawe wa miaka 8 alivimba taya. Ilikuwa saratani ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt kutoka Kampala mwaka 1958, ambayo huwapata zaidi watoto wa nchi zenye malaria nyingi, na ikiwahiwa kwa dawa wengi hupona. Alitibiwa Mwanza miezi kadhaa, akapona, alhamdulillahi. Siku moja ya dawa kali, baba alimwahidi kumpeleka Kigoma akaone Ziwa Tanganyika na kupanda boti. Kutoka Manyovu ni kama kilomita 60 tu, lakini mbuzi wamekwisha kuuzwa na madeni yapo. "Sheikh," akaniambia, "si atasahau?"

Hatasahau. Na hata akisahau yeye, wako waandikao. Mama mmoja zama za Mtume (S.A.W.) alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini, naye akajibu: tende. Akaambiwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Angalia, ndugu yangu, mtoto yule hakuwa mgonjwa, wala hakuahidiwa ziwa. Ni tende tu!

Huko Phoenix, Marekani, mwaka 1980 mtoto wa miaka 7 mwenye saratani ya damu alitimiziwa hamu yake ya kuwa polisi kwa siku moja, na kutokana na hayo ikazaliwa jumuiya ya Make-A-Wish. Ni wema, siubezi. Lakini wale walikuwa watu baki waliojitolea. Baba huyu ana deni la ulimi wake mwenyewe.

Lipo la pili, nalo ndilo lililomtatiza zaidi. Dada na kaka wa mtoto huyu walibaki nyumbani wakichuma kahawa na kuteka maji, wakala maharage bila mafuta ili nauli ya Mwanza ipatikane. Nao je? An-Nu'man bin Bashir alipopewa zawadi na babaye bila ya nduguze, Mtume alikataa kuishuhudia. Ibn Qudama amejuzisha kumzidishia mtoto kwa haja, kama maradhi. Na kwetu Mashafii, kupendelea bila haja ni makuruhu. Mimi naona haja ya mgonjwa ni dawa, uji na nauli ya hospitali, na hizo amekwisha kupewa. Matembezi ni furaha, na furaha ya kupona ni ya nyumba nzima.

Nikamwambia: usiikane ahadi, omba muhula. Mwambie waziwazi kwamba ni baada ya kuuza kahawa, kisha uwachukue wote watatu.

Akamwita mtoto mbele yangu, akamweleza. Mtoto hakuuliza ni lini. Aliuliza, "Na mama?"

Baba akaanza kuhesabu nauli upya kwa vidole.