Kishawishi Nilichokizima kwa Ajili ya Wengine

Mzee mmoja wa usharika wetu hapa Karatu aliniuliza, tukiwa kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba: "Mama, kama mashine ndiyo iliyokuzuia usione, wewe umeshinda nini?" Nilikuwa nimetoka kueleza kwamba kompyuta za steshenari yangu, pale karibu na stendi, nimeziwekea kiendelezi kinachokata matangazo ya kubeti kabla hayajatokea. Wengine waliitikia "amina", yeye akauliza. Namshukuru, kwa sababu swali lake lina umri mkubwa kuliko kompyuta yoyote: aliyezuiwa asitende dhambi na aliyekataa kuitenda, je, ni sawa mbele za Mungu?

Nieleze kwanza kitu chenyewe, maana wengi wanakitumia bila kujua jina lake. Kivinjari ni ile programu unayoingilia intaneti, kama Chrome au Firefox. Kiendelezi ni programu ndogo unayoipachika humo ili ifanye kazi ambayo kivinjari peke yake hakifanyi. Kipo cha kutunza nywila, kipo cha kutia ukurasa giza macho yasichoke, na kipo kiitwacho LeechBlock, ambacho hufunga tovuti ulizozitaja mwenyewe ukimaliza dakika ulizojipangia. Ninachokitegemea zaidi ni uBlock Origin. Raymond Hill alianza kukitoa mwaka 2014, na hapokei michango ya fedha kwa kazi hiyo. Kinafanya kazi kwa orodha: watu wa kujitolea huandika anwani yanakotoka matangazo, na kivinjari kikitaka kuziita, kiendelezi kinakataa. Kwa hiyo matangazo mengi hayafichwi tu, hayaji kabisa, wala bando haliyalipii. Google ilipobadilisha kanuni zake na kuanza kukizima kwenye Chrome kuanzia mwaka 2024, nilihamia Firefox.

Wateja wangu wa asubuhi ni madereva wa utalii wanaochapisha karatasi zao kabla ya kupandisha kwenda geti la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu wanajaa vijana wa Rhotia, Endabash na Mang'ola, kila mmoja na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, picha za pasipoti, namba ya mtihani iliyoandikwa kwa kalamu kiganjani. Tovuti ya Bodi ya Mikopo yenyewe haina shida. Shida iko njiani. Kijana anatafuta tangazo la mkopo, anaangukia ukurasa wa mtu aliyelinakili ili apate watazamaji. Katikati ya ukurasa kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Pakua". Chini yake kipo kingine, cha kijani vilevile. Kiungo cha kweli kimekaa chini kabisa, kwa herufi ndogo za bluu. Pembeni inawakawaka picha ya kijana wa umri wake ameshika mabunda ya noti, na ahadi ya bonasi kwa mkeka wa kwanza.

Nilimwona mmoja akibonyeza kile cha kijani. Alikuwa amekuja na hela ya kuchapishia fomu, hela ambayo mama yake alikuwa ameipata kwa kuuza vitunguu. Ukurasa wa kubeti ukafunguka, akatulia kuusoma, akatoa simu mfukoni. Siku ile aliondoka bila fomu. Tangu hapo siwezi kukubali kwamba yale ni matangazo tu, na kwamba kila mtu ana macho yake na akili yake. Kitufe kile kilitengenezwa na watu wanaojua jicho la kijana mwenye haraka linaenda wapi, na hawakumwambia ukweli.

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, anasimulia katika Maungamo habari za rafiki yake Alipio. Alipio aliyachukia mapigano ya kuuana yaliyokuwa mchezo wa Warumi. Wenzake wakamkokota kwa nguvu mpaka uwanjani, naye akawaambia wanaweza kuuleta mwili wake pale lakini si moyo wake. Akafumba macho. Mtu mmoja alipoanguka na umati ukapiga ukelele, akayafumbua, akaona damu, na kuanzia hapo akawa mshabiki kuliko waliomkokota. Augustino anasikitika kwamba rafiki yake hakuziba na masikio pia.

Nasoma kisa hiki kama mtu anayeuza muda wa kompyuta. Alipio hakukosa nia. Alikosa kujua kwamba nia ya mlangoni na nia ya katikati ya kelele hazina nguvu sawa, na aliiamini mno ile ya katikati ya kelele. Dereva mmoja aliwahi kunieleza jambo hilihili kwa lugha ya kazi yake. Ndani ya kreta ya Ngorongoro gari haliruhusiwi kuacha barabara, hata kama faru amelala mbali kiasi kwamba mgeni anaona kidoa tu. "Mama, ile sheria inanibeba," aliniambia. "Mgeni akinyoosha dola nimsogeze, nikisema sitaki, namuudhi, na pengine nitalegea. Nikisema hairuhusiwi, yameisha." Dereva huyo hajaacha kuwa mwaminifu kwa sababu kuna sheria. Aliikubali siku alipochukua kazi, akiwa ametulia, na kukubali huko ndiko kunakomsimamisha dola inapomnyooshewa.

Nilimjibu mzee hivyo. Anayejiwekea kizuizi akiwa na akili tulivu ameshashinda pale alipokiweka, na ushindi huo ni wake, si wa mashine. Ile sala ya Bwana tunayoisali kila siku inaomba kuepushwa majaribu, haisemi tupewe mengi zaidi ili tuonyeshe ubingwa.

Lakini hapo nimejibu kwa ajili yangu tu. Yule kijana mwenye bahasha hakuweka kizuizi chochote. Nimemwekea mimi. Nani alinipa mamlaka ya kuamua jicho lake lione nini na lisione nini?

Jirani yangu wa duka la vipuri ni Mwislamu, mtu aliyesoma, na tumelijadili hili mara nyingi. Alinifundisha kwamba katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kuna kanuni ya kuziba njia za shari: jambo halali linaweza kuzuiwa likiwa ndiyo njia ya kufikia la haramu. Akaongeza kwamba Wamaliki wanaitumia sana, ilhali Washafii, ambao yeye ni mmoja wao, wana tahadhari nayo, kwa sababu ukianza kumhukumu mtu kwa anachoweza kukitenda kesho, hujui utaishia wapi. Tahadhari hiyo ilinigusa kuliko kanuni yenyewe. Leo nazuia kubeti, kesho nitazuia siasa nisizozipenda, keshokutwa mahubiri ya dhehebu lingine, na wote watadhani intaneti ndivyo ilivyo.

Ndiyo maana nimebandika karatasi ukutani kwa Kiswahili cha wazi: hapa matangazo yamekatwa, kubeti kumefungwa, ukitaka vifunguliwe kwenye mashine yako uliza. Wapo wanaouliza. Namfungulia mtu mzima bila kumtazama kwa jicho la lawama, ingawa moyo unaniuma. Kinga asiyoijua mtu imemgeuza kitu cha kuchungwa. Anayoijua na kuiacha ibaki ni yake kama ilivyo yangu. Magazeti yetu nayo nimeyaruhusu matangazo yake, maana mwandishi anakula kutokana na hayo, na sioni haki ya kusoma jasho lake bure kwa kisingizio cha kujikinga na kamari.

Liko jambo linalonitia hofu zaidi, na linahusu mlinzi mwenyewe. Kiendelezi cha namna hii hakiwezi kufanya kazi bila kuomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Watu hubonyeza "ruhusu" bila kusoma, nami huwa nawasimamisha. Kwenye mashine zangu zinapita pasipoti za wageni na namba za NIDA za wenyeji. Kulikuwa na kiendelezi cha Chrome kilichoitwa The Great Suspender, cha kupunguzia kompyuta mzigo wa kumbukumbu, kikiwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza, na Februari 2021 Google ilikiondoa kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Waliokiamini hawakuulizwa kilipobadilisha mikono. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haikai kwenye kiti cha steshenari kubonyeza badala yangu. Kwa hiyo naweka viendelezi vichache, ninaowajua watengenezaji wake, na kila nikisikia kimoja kimeuzwa nakifuta siku hiyohiyo.

Sasa usharika umepewa kompyuta za vijana, na kamati imeniomba nifunge humo "kila kitu kibaya". Nimekataa kufunga kila kitu. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya wanadamu isikataze maovu yote, bali yale mazito ambayo watu wengi wanaweza kuyaacha, kwani mzigo usiobebeka humsukuma mtu dhaifu kwenye baya zaidi. Nimependekeza kubeti, ponografia na vitufe vya uongo vifungwe, orodha ibandikwe ukutani, na kila robo mwaka isomwe upya. Kamati bado inabishana. Nimeomba wawakilishi wa vijana waketi nasi kwenye kikao kijacho, wawe na kura kama sisi wengine.