Je, Hasara ni Ushahidi wa Kosa?

Lipo swali moja linalowasumbua watu wengi, na hasa wale walioanza karibuni kuitafuta njia ya Mwenyezi Mungu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akitenda jambo jema kwa nia njema, akaomba dua, kisha akapata hasara, je, hasara hiyo ni ushahidi ya kuwa amekosa? Wengine hulificha swali hili moyoni kwa kuona haya. Lakini swali lililofichwa halifi, bali huota mizizi gizani. Yafaa basi tulitoe nje na kulitazama. Na ili tusipotee katika maneno matupu, tumtazame mtu mwenye jembe mkononi, maana mkulima hukutana na swali hili kila mwaka.

Tuchukue mfano wa Ipuli, katika mji wa Tabora. Mji huu uko juu ya uwanda ulio kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nao una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Kwa kawaida mvua huanza mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Aprili, na katika miezi ya katikati ya mwaka mbingu hufungwa kabisa. Mtu wa pwani akipungukiwa na mvua za masika, huweza kutumaini za vuli. Mkulima wa Unyamwezi hana msimu wa pili wa kukimbilia. Akipoteza kifuku cha mwaka huu, hana budi kungoja cha mwaka ujao, na watoto wake wangoje pamoja naye.

Ni kweli kwamba katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa mabomba mpaka Tabora, na mwenye bomba au kisima aweza kunywesha tuta la mchicha au la matembele kwa ndoo. Lakini hakuna mtu awezaye kunywesha kwa ndoo shamba la mahindi, karanga na njugu mawe linalolisha nyumba nzima. Shamba hilo hungoja mbingu.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi msimu unavyoanza. Mwezi wa Oktoba joto huzidi. Mawingu hukusanyika mchana, upepo huvuma, na jioni yote hutawanyika bila ya tone. Siku moja mvua kubwa hunyesha, ardhi hutoa harufu yake nzuri, na asubuhi kila mtu huonekana shambani akipanda. Pengine mvua hiyo huendelea, na aliyepanda mapema huvuna mapema. Pengine hukatika, na jua kali likawaka kwa wiki mbili au tatu. Hapo miche iliyokwisha chipua hunyauka, hasa katika udongo wa kichanga usioshika maji, na mbegu iliyohifadhiwa tangu mavuno ikawa imepotea. Wazee wamesema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, nao wamesema kweli. Lakini dalili ya kitu siyo kitu chenyewe.

Mtu aweza kusema: "Basi na asubiri mpaka mvua zitulie." Jawabu letu ni kwamba kusubiri nako kuna hatari yake. Mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa huweza kukuta mvua zinakwisha kabla ya punje kujaa. Kwa hiyo mkulima hana mahali pa kusimama pasipo na hatari. Akipanda, ametenda, asipopanda, pia ametenda. Na yote mawili ameyatenda bila ya kujua yatakayotokea wiki ijayo.

Wala jambo hili si la Tabora peke yake. Huko Uingereza wapo watu wengi wa mjini ambao hukodishwa na halmashauri viwanja vidogo vya kulima mboga, na sheria iliyowapa haki hiyo imekuwapo tangu mwaka 1908. Kwao majira ya kugeukageuka ni mwezi wa Aprili na wa Mei, baridi inapokwisha. Jua huwaka siku kadhaa, mtu akatoa nje miche yake ya nyanya na maharage, kisha usiku mmoja jalidi huanguka, yaani umande ugandao kuwa barafu, na asubuhi miche yote imekuwa myeusi. Mwenye bustani huyo na mwenzake wa Ipuli hawajuani, lakini wamefikiwa na mtihani mmoja.

Sasa tulete mfano. Tuseme wapo majirani wawili wa Ipuli. Wa kwanza hupanda mbegu zake zote siku ya mvua ya kwanza, bila ya kubakiza hata kibaba. Wa pili huzigawa: sehemu hupanda mara moja, sehemu hungojea mvua ya pili, na sehemu huweka akiba, tena huweka matuta machache ya mihogo na viazi, kwa sababu mihogo huvumilia jua, na viazi huweza kukaushwa vikawa michembe na matobolwa ya kuliwa wakati wa shida. Mwaka huu mvua haikukatika. Yule wa kwanza alivuna kuliko mwenzake, na mtaa mzima ukamsifu kwa akili. Mwaka uliofuata mvua ilikatika. Yule wa kwanza alipoteza vyote, na mtaa ule ule ukamwita mjinga.

Tunauliza: Je, mtu huyu alikuwa na akili mwaka wa kwanza, kisha akawa mjinga mwaka wa pili? Alitenda jambo lile lile kwa njia ile ile. Kilichobadilika ni mvua, nayo haikuwa mkononi mwake. Basi ni wazi kwamba waliomhukumu kwa mavuno hawakumpima yeye, bali walipima mawingu. Anayetaka kumpima mtu kwa haki hana budi kurudi nyuma mpaka siku ya kupanda na kuuliza: Alijua nini siku ile? Angeweza kujua nini kama angeuliza? Na kwa kile alichokijua, alitenda kwa uangalifu au kwa uzembe? Kwa kipimo hiki, yule wa kwanza alikosa uangalifu katika miaka yote miwili, hata katika ule aliovuna sana. Na yule wa pili alikuwa na uangalifu katika miaka yote miwili, hata katika ule alioonekana amepitwa.

Kutokana na hayo twapata kanuni: hasara ni jambo moja, na kosa ni jambo jingine. Huweza kukutana, lakini moja si ushahidi wa jingine. Tena kanuni hii hukata pande zote mbili. Kama hasara si ushahidi wa kosa, basi mafanikio nayo si ushahidi wa wema. Mwenye ghala iliyojaa asijidhanie kwamba amependwa na Mungu kuliko jirani yake.

Huenda msomaji akauliza: "Je, Mwenyezi Mungu haadhibu?" Hatukatai. Lakini ujuzi wa jambo hilo hakupewa jirani anayechungulia juu ya ua. Ukame ukiingia Ipuli hauchagui kiwanja. Hunyausha bustani ya mcha Mungu na bustani ya mwizi kwa siku moja. Wenye kusoma habari za Nabii Ayubu, Waislamu kwa Wakristo, wanajua kwamba mtu mwema alifikwa na taabu kubwa. Na katika kitabu cha Ayubu kilichomo katika Biblia, rafiki zake walishikilia kwamba taabu hiyo ni malipo ya dhambi zake, na mwishowe waliokemewa na Mungu ni wale rafiki.

Mtu asidhani kwamba tunabishana juu ya neno dogo. Kuchanganya hasara na kosa kumemwaga damu. Zamani katika Unyamwezi mtemi alihesabiwa kuwa na uhusiano na mvua na rutuba ya nchi, na ukame ulipozidi lawama zilimwelekea yeye. Madaraka ya watemi yalikomeshwa na Serikali mwaka 1963, lakini tabia ya kutafuta mtu wa kulaumiwa haikukoma pamoja nayo. Katika miongo ya baadaye, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, vikongwe wengi waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na macho yao mekundu yakahesabiwa kuwa dalili. Macho mekundu! Bibi aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga, katika jiko lisilo na dirisha, akipuliza moto ili wanawe wale, moshi ule ule uliowashibisha ukageuzwa kuwa hati ya kumhukumu. Mtoto aliugua, au ng'ombe alikufa, au shamba lilikauka. Watu wakasema, "Hasara hii haikosi mwenyewe," kisha wakamtafuta aliye dhaifu kuliko wote. Ndugu msomaji, ukiona mtu anasema kwamba kila hasara ina mkosaji, fahamu kwamba ameanza safari katika njia hiyo, hata kama hajui inaishia wapi.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo pia tujihadhari nalo. Wapo watu ambao kila wakipoteza husema, "Ni kudra ya Mungu," ilhali hawakupalilia, hawakuuliza, wala hawakuweka akiba. Hao humsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wao. Mfano wake mkubwa ulitokea katika nchi hii. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, katika Kongwa, Nachingwea na Urambo, ambayo iko magharibi ya Tabora kwenye reli ya kwenda Kigoma. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Walileta matrekta na fedha nyingi, lakini hawakuchunguza vya kutosha mvua na udongo. Kongwa iko mpakani mwa Ugogo, nchi ambayo misafara yote iliyotoka pwani kwenda Tabora iliijua kiu yake. Mvua zilipopungua, udongo uligeuka kuwa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Je, hiyo ilikuwa hasara tu? Hapana. Hapo palikuwa na kosa, kwa sababu jambo lililowaangusha lingeweza kujulikana kabla ya kupanda, kama wangekuwa na subira ya kuuliza.

Basi ni nini wajibu wa mtu asiyeyajua ya kesho? Tunaona mambo manne.

Kwanza, atafute ujuzi uliopo. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa kama Tabora. Utabiri si ahadi, lakini kuudharau ni kukataa taa kwa sababu si jua.

Pili, asitie vyote alivyo navyo katika siku moja. Kugawa mbegu si upungufu wa imani. Ni kukiri kwamba yeye ni mtumwa na siyo mwenye kujua ghaibu. Anayepanda vyote kwa mvua ya kwanza, akisema kwamba anamtegemea Mungu, pengine anaitegemea bahati yake tu.

Tatu, akiisha kufanya hayo, na apande. Hofu isimfunge mikono. Miembe mikubwa iliyo kando ya njia ya misafara, kutoka pwani kupitia Tabora hata Ujiji, ilipandwa na watu wasiojua nani atakula matunda yake. Mwembe unaotoka katika kokwa hungojewa miaka mingi, na msafiri aliyeitupa au kuizika kokwa ile hakubaki kuungojea. Lau wangalitaka uhakika kwanza, leo pasingalikuwa na kivuli.

Nne, miche ikinyauka, asiipekue roho yake kama mshitakiwa asiyejulikana kosa lake. Ajiulize kwa haki: "Nilizembea?" Kama alizembea, atubu na arekebishe. Kama hakuzembea, ahuzunike kama anavyohuzunika mtu aliyefiwa, lakini asijihukumu. Huzuni ni haki yake, na hukumu si haki yake.

Na sisi tulio majirani tuna wajibu wetu. Mtu aliyepoteza mbegu haitaji kuulizwa, "Ulifanya nini hata ukapatwa na haya?" Swali hilo halichipui kitu. Ahitaji kibaba cha mbegu kabla mvua ya pili haijapita. Aliyeingia karibuni katika imani, akafiwa, au akafukuzwa kazi, au akatengwa na ukoo wake, yuko katika hali hiyo hiyo. Jamaa zake watamwambia, "Unaona? Ni kwa sababu umeacha ya wazee." Nasi tusimwambie kwa namna nyingine maneno yale yale, kwamba imani yake ni dhaifu ndiyo maana dua haikujibiwa. Wote wawili tutakuwa tumepima mawingu na kusema tumempima mtu. Tumpelekee mbegu, tushike jembe pamoja naye, na hukumu tumwachie Yule ajuaye nia za mioyo na kiasi cha mvua.

Mwenyezi Mungu atujalie uangalifu siku ya kupanda, subira siku ya kunyauka, na huruma katika siku zote mbili. Amin.