Kwenda Pamoja Korongoni
(Soma Mhubiri 4:9–12)



Kijana mmoja wa usharika wetu, aliyeko masomoni katika jimbo la Utah huko Marekani, ameniandikia barua. Wenzake wamemwalika kwenda pamoja nao Jumamosi na Jumapili, kutembea na kulala nje katika makorongo ya jangwa. Aliniuliza: “Baba Mchungaji, je! niende? Hao ni wageni kwangu. Labda ni afadhali niende siku nyingine peke yangu.” Juu ya Jumapili nilimjibu kwa ufupi: chukua Biblia yako, usimwache Bwana nyumbani. Lakini juu ya kwenda peke yake nilimjibu kwa urefu, nanyi nataka msikie.

Nchi ile ni ya mawe ya mchanga, na maji yameyakata tangu zamani sana, hata yamekuwa makorongo marefu. Mengine ni membamba, mtu aweza kugusa kuta zote mbili kwa mikono yake. Uzuri wake wamtukuza Muumba. Lakini humo mwanadamu huona udogo wake.

Mwezi wa Aprili, mwaka 2003, Aron Ralston, mtu hodari wa kupanda milima, aliingia peke yake katika korongo liitwalo Blue John. Hakumwambia mtu aendako. Jiwe kubwa likasogea, likaubana mkono wake wa kuume ukutani. Akakaa pale siku tano. Siku ya sita aliukata mkono wake kwa kisu kidogo, akatoka hai. Hakupungukiwa na nguvu wala ujasiri. Alipungukiwa na mwenzake mmoja tu wa kwenda kuita watu.

Je! kundi peke yake latosha? La. Tarehe 14 Septemba 2015 watu saba waliingia pamoja korongo la Keyhole, katika hifadhi iitwayo Zion, ndilo jina la Sayuni. Walinzi walikuwa wamewaonya ya kwamba mafuriko yaweza kuja. Mvua ikanyesha, maji yakalijaza korongo kwa ghafula, wote saba wakafa. Hatuwahukumu, bali twajifunza. Mwamba haunywi maji. Mvua ya mbali yaweza kumfikia mtu aliyesimama juani. Basi wanaokwenda pamoja na wasikie onyo pamoja.

Ndugu zangu, wako kati yetu wasemao, “Nitasali nyumbani kwangu, Mungu hunisikia.” Ni kweli, husikia. Lakini jiwe likikubana, ni nani atakayejua?

Nami nina neno la kuungama. Mzee mmoja aliudhika katika baraza, akaacha kuja kanisani. Nikasema moyoni, “Atarudi mwenyewe.” Ikapita miezi mitatu. Mkewe aliugua, nasi hatukujua. Habari iliyotufikia kwanza ilikuwa ya maziko. Yeye alikwenda peke yake, walakini sisi ndio tuliomwacha aende. Nilimwomba msamaha mbele ya kaburi lile, naye akanipa mkono. Sikustahili.

Tazameni Bwana wetu. Yeye huwaacha wale tisini na kenda, akamtafuta mmoja. Na katika Gethsemane rafiki zake walilala, kisha wakakimbia. Akauchukua msalaba akiwa ameachwa, ili asiwepo hata mmoja wetu atakayeanguka asione mkono wa kumwinua. Mkono huo ni wake. Lakini mara nyingi huunyosha kwa mkono wa jirani.

Basi nilimwandikia kijana: Nenda pamoja nao. Waambie wengine mwendako na siku ya kurudi. Msikie ajuaye mawingu ya nchi ile. Wala usimwache nyuma anayetembea polepole.

Nanyi, waalimu na wazee, juma hili hesabuni ni nani hakuonekana ibadani. Msingoje arudi mwenyewe. Nendeni wawili wawili, mkabishe hodi.

Bwana atuchunge sote. Amina.