Ndiyo ya Asiye na pa Kurudi

Katika mnada wa mifugo wa Oldonyiro, magharibi mwa Isiolo, mwenye mbuzi asiyeridhika na bei humswaga mnyama wake akarudi naye nyumbani. Ndiyo nguvu yake mbele ya mchuuzi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukafika hadi 2023 uliwapokonya wengi hata hiyo: malisho yamekwisha, mnyama atafia njiani, basi bei inatajwa na mnunuzi. Muuzaji bado anasema "sawa", na hakuna aliyemshikia panga.

“Sawa” hiyo hunifanya niwawaze wasichana. Tumezoea kuitafuta ridhaa mdomoni na kwenye karatasi: alikubali, hakukubali, alitia sahihi. Mimi ningeuliza swali jingine: angekataa, angebaki na nini?

Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilifichua habari za vijana waliochaguliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, wakapelekwa Ulaya kuwa wanamitindo. Baadhi walirudishwa kambini wakidaiwa maelfu ya euro. Kumkopesha mwanamitindo nauli, chumba na pesa za matumizi, kisha kumkata kwenye malipo, ni desturi ya kawaida ya mawakala. Mkataba ulikuwepo, sahihi ilikuwepo. Lakini aliyekulia kambini, akiambiwa ndege ya Paris inamngoja, atausoma ukurasa wa gharama kwa macho gani?

Mlinganishe na mwanamitindo Iman. Mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alimwona barabarani Nairobi, akaomba kumpiga picha. Iman, binti wa mwanadiplomasia na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alimtaka amlipie ada yake ya chuo. Aliweza kutaja bei kwa sababu jibu likiwa hapana, angeendelea na safari yake darasani. Cha kushangaza ni uongo uliofuata: Beard aliwaambia wanahabari wa Marekani kwamba amemwokota porini kwa wachungaji. Msomi wa mjini hakufaa kuuzwa hivyo alivyo. Soko lilimtaka msichana wa mahali kama Oldonyiro, asiye na karani wala wakili, na alipokosekana likamtunga.

Na Oldonyiro kwenyewe? Wasamburu wa huko wana mila ya morani kumvisha msichana shanga, mikufu mizito myekundu, naye akawa mpenzi wake bila ndoa, kwa kuwa kwa kawaida ni wa ukoo mmoja. Wengine ni watoto wa miaka kumi hivi. Anapendeza, anasifiwa. Mimba ikiingia, huitwa aibu yake, na mara nyingi hutolewa kwa nguvu. Msichana huyo hakuombwa chochote ambacho angeweza kukikataa. Zawadi ilikubaliwa na wakubwa wake, yeye akaivaa.

Sheria hujibu kwa umri. Kenya inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2017 makampuni ya mitindo ya LVMH na Kering yaliahidi kutowapandisha jukwaani, katika maonyesho ya mavazi ya watu wazima, walio chini ya miaka 16. Mipaka hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila msichana hapati pa kurudi siku anapotimiza miaka 18.

Josephine Kulea, Msamburu aliyeanzisha shirika la Samburu Girls Foundation, ambaye Barack Obama alimtaja katika hotuba yake ya Kasarani mwaka 2015, anaonekana kulijua hilo. Kumtoa msichana kwa morani au kwa mume mzee ni kazi ya siku moja. Baada ya hapo kuna shule ya bweni ya kutafuta, karo ya kulipa kwa miaka, na mazungumzo marefu na wazazi ambao huenda wasimpokee, maana aliyevuliwa shanga leo sharti awe na pa kulala usiku huu huu.