Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Simu Yako Ina Haki za Watu



Ndugu zangu waumini, Idd inakaribia na mafundi cherehani hawalali. Kuna fundi mmoja, ndugu yetu, Ramadhani kama hii alishapokea arubuni za kanzu na magauni ya watoto. Vipimo, majina, nani kalipa ngapi, vyote vimo kwenye WhatsApp. Siku moja baada ya futari ikaingia meseji: "Samahani kaka, kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, hebu nirushie." Akarusha. Papo hapo akaunti ikawa si yake tena. Mwizi akaweka PIN yake, na fundi akafungiwa nje siku 7. Kila mteja aliyeandika kuulizia nguo alijibiwa na mwizi: malizia malipo, tuma namba hii. Wapo waliotuma.

Fundi akasema, "Ni kadari ya Allah." Kweli kabisa. Lakini yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake wazi kisha ategemee, aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na ngamia yule alikuwa wake mwenyewe! Yaliyomo kwenye simu ya fundi ni haki za watu.

Tukisikia amana, tunafikiria fedha tu. Namba za wateja, arubuni, madeni, hizo nazo ni amana. Usiku wa Hijra, Mtume (s.a.w.) anatafutwa auawe, bado alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka azirudishe amana za watu. Hatari haikuwa udhuru.

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika deni na muda wake, dogo au kubwa, bila kuchoka. Sasa ukiandika mahali panapoweza kupotea usiku mmoja, kazi umeifanya nusu.

Basi leo, kabla ya Tarawehe:

1. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uweke PIN ya uthibitisho wa hatua mbili.
2. Namba za siri zinazokuja kwa meseji usimpe mtu, hata akijiita shekhe wako.
3. Kila jioni nakili arubuni na madeni kwenye daftari.
4. Bonyeza *#06#, namba itakayotokea iandike humo humo. Simu ikiibiwa utaihitaji ukiripoti.
5. Kijana wa dukani akiacha kazi, badilisha nywila zote anazozijua.
6. Mtu wako wa nyumbani ajue daftari lilipo. Mauti hayana miadi, na deni halifi na mwenyewe.

Yule fundi hakukumbuka nani kalipa ngapi. Aliwauliza wateja mmoja mmoja, akakubali neno la kila mmoja, hata la waliomtumia mwizi. Alishona mpaka alfajiri ya Idd, hasara ikawa yake. Allah amlipe kheri. Lakini sisi tujifunze kabla hayajatufika.

Jiulize leo: simu yangu ikipotea usiku huu, ni haki ya nani itapotea nayo?

Yaa Rabbi, tujaalie tuwe watunzaji wa amana, utubarikie riziki zetu na utakabali funga zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzio mwenye biashara.