Kiasi ni cha nani?

Nianze kwa kuungama. Mimi ninayejulikana hapa kwetu kama mama wa vitabu na sindano, nilichoma kitabu kizima, karatasi moja moja, msimu mzima wa mvua. Sikukichoma kwa hasira. Nilikichoma kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, na kwa sababu nilikuwa nimeshakisoma.

Wenzangu wa Nyarugusu wanaijua hiyo mvua. Kuni zinatafutwa mbali, zinafika zimelowa, moshi unajaa nyumba mpaka watoto wanatoka nje kukohoa, na maji bado baridi. Asubuhi ya namna hiyo karatasi kavu ni mali. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, jalada hakina. Nilikikuta kwa mama mmoja sokoni, anakichana kufungia karanga. Nilimpa kofia ya mtoto niliyofuma mimi mwenyewe, akanipa kitabu, na kila mtu akaona amemshinda mwenzake.

Kilikuwa kinaeleza habari za watu waliosema kwamba binadamu anaweza kuishi vizuri na vitu vichache. Usiku nilikuwa nakisoma huku nafuma, maana kofia haitaki macho, vidole vinahesabu vyenyewe. Asubuhi nachana zile karatasi za jana, nawashia moto. Nilijiambia: maneno yameingia kichwani, karatasi ya nini tena? Kwa kweli nilijiona mwenye hekima kidogo.

Mle ndani kulikuwa na Diogenes, Mgiriki aliyefukuzwa kwao Sinope akaenda Athens akalala kwenye mtungi mkubwa. Alikuwa na kikombe. Siku moja akamwona mtoto anakunywa maji kwa viganja, akatupa kikombe chake, akaona aibu kwamba mtoto amemshinda kwa kuishi bila vitu. Nilicheka peke yangu. Hapa kwetu, mtu akitupa kikombe, kabla hakijafika chini kimeshapata mwenyewe.

Lakini aliyeniingia moyoni ni Epictetus. Huyu alizaliwa mtumwa, na jina lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni kitu kilichopatikana, kama vile mtu anavyosema kuhusu mbuzi wa kununua. Alikuwa kilema wa mguu. Alipopata uhuru akafundisha Roma, halafu mfalme akafukuza wanafalsafa, akaenda kuishi Nicopolis, ng'ambo ya maji. Yaani alikuwa kama sisi: alivuka maji kwa sababu mwenye nguvu alisema ondoka. Alikuwa na taa ya chuma, mwizi akaiba. Hakulia. Alisema kesho atanunua ya udongo. Akasema pia kwamba yule mwizi amelipa bei kubwa, maana kwa ajili ya taa amekubali kuwa mwizi.

Mimi nilivuka ziwa mwaka 1996, usiku, kutoka upande wa Fizi. Nilichoacha nyumbani sitakihesabu hapa, kila mmoja wetu ana orodha yake. Nilipomsoma huyu mzee na taa yake nilihisi mtu ameniwekea mkono begani. Basi naweza kusema: waliniibia taa ya chuma, mimi niko na ya udongo. Nikaanza kuyasema hayo kwa watu. Niliyasema kanisani, kwenye kikundi chetu cha kufuma, na zaidi ya yote niliyasema nyumbani kwa binti yangu.

Kufuma nako kulinipa mahubiri. Wasiojua kazi hii niwaeleze. Hatununui uzi mpya, bei yake hatuiwezi. Tunanunua matriko ya mitumba, yale ambayo Watanzania wanaita masweta, tunayafumua. Kwanza unageuza ndani, unatazama pembeni. Ukiona mshono wa mashine umekata kitambaa, acha, utatoka na vipande vifupi kama ndevu. Ukiona pembeni pamefumwa hadi mwisho, chukua, uzi utatoka mmoja mrefu. Halafu unachoma ncha: ikinuka kama nywele na kuwa majivu, hiyo ni sufu ya kondoo, ikiyeyuka ikawa tone gumu, hiyo ni nailoni nailoni tu. Unafumua, unazungushia uzi kwenye miguu ya kiti, unafua, unaanika na jiwe dogo chini ili ule mkunjo utoke. Sindano zetu ni spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na kwa uzi mnene tunachonga mianzi. Vitanzi 72 vinatosha kofia ya mtoto mchanga, uzi ukiwa mwembamba.

Tazama lugha yetu inavyosema: kufuma na kufumua. Herufi moja tu imeingia katikati. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba huko ndiko kuishi kwa kiasi. Hakuna kinachopotea. Triko la mzungu asiyejulikana linakuwa kofia ya mtoto wa Mbembe, na mtoto akikua, kofia inakuwa soksi.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa mtu mwema, sitaki nimseme vibaya. Alikaa na kikundi chetu mchana mzima, akajifunza vitanzi kumi na viwili, akaangusha vinane. Mwisho akasimama kutushukuru. Mkalimani akatuambia: mgeni anasema amejifunza kwenu. Anasema kwao watu wana vitu vingi mno na hawana furaha. Anasema ninyi mnajua siri ya maisha ya vitu vichache, na anawaonea wivu.

Tulipiga makofi. Lakini koko mmoja wa kikundi, aliyekuwa anafuma bila kuinua kichwa, akasema kwa Kibembe, polepole, kwamba huyo mgeni akitaka tubadilishane yeye yuko tayari, hata leo jioni. Tulicheka sana, mkalimani hakutafsiri.

Njiani nilikuwa nimekasirika na sikujua kwa nini. Yule mgeni hakusema neno ambalo mimi mwenyewe sijalisema. Alisema mahubiri yangu yaleyale. Sasa mbona kinywani mwangu yalikuwa hekima, na kinywani mwake yalikuwa kofi?

Nilipolichunguza nilikuta neno lenyewe limejificha. Sisi tuna neno kiasi. Katika Biblia yetu kiasi ni tunda la mwisho la Roho katika ile orodha ya Paulo kwa Wagalatia, baada ya upole. Ni fadhila. Mtu wa kiasi anajizuia mwenyewe. Lakini kiasi ni pia kile kinachopimwa kwa kopo siku ya kugawa posho. Kadi yako ina watu wanne, kiasi chenu ni hiki, sogea, mwingine aje. Neno ni moja, herufi ni zilezile, ila la kwanza ninalishika mimi, la pili linanishika. Na posho ikipunguzwa, kama ilivyopunguzwa mara nyingi, hakuna anayesema tumeongezewa fadhila.

Yule mgeni aliona kiasi cha kopo akakiita kiasi cha Roho. Ndiyo maana niliumia. Hakuiba taa yangu yeye, hapana. Lakini alinikuta gizani akasifu macho yangu.

Kuna mwingine alikuwa mle kitabuni, Mmarekani jina lake Thoreau. Mwaka 1845 alijenga kijumba msituni, karibu na ziwa dogo, akakaa humo miaka miwili na miezi miwili, ajaribu kuishi na vitu vichache, kisha akaandika kitabu. Simdharau. Ila kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, na kwao Concord palikuwa mwendo wa miguu tu. Alipotosheka na kijumba, akarudi. Njia ya kurudi ndiyo iliyofanya uchache wake uwe uchaguzi. Mimi nikitaka kutoka nje ya kambi naomba karatasi ya ruhusa.

Hapo ningeweza kumaliza makala, tukapigiana makofi, wakimbizi na wasomaji wa wakimbizi, mgeni akabaki na kosa lake. Lakini jioni ileile binti yangu alikuja akauliza kile kitabu kiko wapi.

Ana miaka kumi na sita, amezaliwa hapahapa, Kiswahili chake ni cha Kigoma na mimi ananicheka nikisema kaye badala ya daftari. Shuleni walikuwa wameambiwa watafute habari za mtu yeyote wa zamani aliyesema neno la maana juu ya uhuru. Akakumbuka yule mtumwa mwenye taa, maana nilimchosha naye.

Nikamwambia, "Ile kitabu iliisha, mama. Nilishaisoma yote."

"Najua umekisoma. Mimi ndio sijakisoma."

"Nitakuelezea. Yote niko nayo kichwani."

Akatazama jikoni, akatazama jalada la daftari la zamani nililokuwa nimeliweka kavu kwa ajili ya kesho. Akaelewa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, wewe ulishiba, ukamwaga sufuria."

Nimeishi na hilo neno mwezi mzima sasa. Nilijitetea kwanza. Nilimwambia kuni zilikuwa mbichi, na ni yeye aliyekuwa anakunywa ule uji. Ni kweli, na hilo silifuti. Asubuhi nyingine ningechoma hata Biblia ili mtoto apate kitu cha moto, na naamini Mungu angenisaidia kupuliza. Lakini si kila asubuhi ilikuwa ya namna hiyo. Nyingine zilikuwa za kawaida, kulikuwa na maganda ya mahindi, nami nilichana karatasi kwa sababu nilikuwa nimejenga tabia, na kwa sababu tabia hiyo ilinifanya nijione mtu asiyefungwa na vitu. Diogenes alitupa kikombe chake. Mimi nilitupa kikombe ambacho mtoto wangu alikuwa hajakinywea.

Nikaona kwamba nilimfanyia binti yangu kitu kilekile mgeni alichonifanyia mimi. Nilipima kiasi changu nikakiita kiasi chake. Mimi niliwahi kuwa na nyumba ya bati kando ya ziwa, niliwahi kuchoka na samaki. Nilikuwa na kitu cha kuacha, kwa hiyo naweza kusema nimeacha. Yeye hajawahi kuwa na taa ya chuma. Nikimhubiria uzuri wa taa ya udongo, namfundisha nini, zaidi ya kutodai?

Wengine watanijibu, na kwenye kikundi wamenijibu, kwamba usipomfundisha mtoto kuridhika atatafuta kuridhika kwa njia mbaya, na hapa kambini njia mbaya tunazijua, hasa kwa wasichana. Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Lakini nadhani kuna kuridhika kwa namna mbili. Kuna kule kwa mtu anayejua anachostahili na bado anaweza kulala usiku bila hicho. Na kuna kule kwa mtu aliyesahau kwamba anastahili. Cha kwanza Epictetus alikuwa nacho. Hakusema kamwe kwamba mwizi alifanya haki. Alisema mwizi ni mwizi, na mimi bado ni mimi. Cha pili ndicho kinachopendwa na wenye makopo ya kupimia, maana mtu wa namna hiyo hasumbui.

Nami nataka binti yangu asumbue. Hilo sikulijua kabla ya kuchoma kitabu.

Kwa hiyo sasa kila jioni, nikiwa nafuma, namsimulia. Yeye anaandika kwenye daftari. Ndipo nilipogundua kwamba haviko kichwani vyote kama nilivyojidanganya. Nakumbuka taa, nakumbuka mguu, sikumbuki mwanafunzi aliyeandika maneno yake aliitwa nani. Triko ukilifumua, uzi wote unabaki mkononi; kitabu nilichokifumua kimeniachia vipande vifupi. Pale nisipokumbuka namwambia acha nafasi, na daftari lake limejaa nafasi. Nyingine anazijaza mwenyewe. Juzi aliandika kwamba kama Epictetus angekuwa na mtoto, angenunua taa nyingine ya chuma na kufuli. Sikumkatalia.

Kuhusu kuchagua kuishi na vitu vichache, bado naamini. Nafuma bado, nafumua bado, na sitamani vingi. Ila siku hizi nauliza kwanza: hiki ninachokiacha, ni changu peke yangu?

Wiki iliyopita nilinunua mitumba, matriko manne. Moja jekundu, sufu halisi, pembeni limefumwa hadi mwisho, uzi wake ungetoka wote bila kukatika. Nilihesabu kofia tano humo ndani, labda sita. Nilikuwa nimeshakata fundo la kwanza pale shingoni binti yangu alipoingia, akalishika, akajipima mbele ya kioo kidogo cha dirishani. Lilimfaa.

Hakuomba. Alilirudisha kwenye rundo, akaenda kuteka maji.

Nilitafuta sindano ya kushonea, nikafunga lile fundo nililolikata.